Altaneta ya Miezi Sita

Jumatatu, 13 Mei

Gari limekufa! Furaha iliyoje!

Naandika haraka, mtoto amelala. Baba Jino amerudi saa nne asubuhi kwa miguu, trei mbili za mayai mikononi, uso kama wa mtu aliyetoka mazikoni. Anasema taa nyekundu ya betri iliwaka, kisha gari likazimika njia panda, hata honi ikakataa. Fundi akaja, akasikiliza, akasema ni altaneta, ile inayochaji betri. Imekufa kabisa.

Nikapiga vigelegele. Baba Jino akaniuliza kama nina homa.

Wanaume husahau. Altaneta ile tuliinunua mpya, ndani ya boksi lake, na ina waranti ya miezi sita! Ni mimi niliyesema tununue mpya. Wifi yangu, dada yake Baba Jino, anayekaa mlango wa pili, alisema ile ya zamani haina ugonjwa, ibadilishwe kaboni tu ndani. Nikasema kitu chenye waranti kikiharibika unapewa kingine bure. Wifi alicheka mpaka akashika ukuta. Ile ya zamani akaichukua yeye, na hadi leo anazuilia mlango wake usijifunge na upepo.

Tutaona sasa nani atashika ukuta.

Ila lazima iwe wiki hii. Jumapili tunakwenda kwa mama. Mama ana mguu mbaya, hawezi safari, na hajamshika mjukuu wake tangu azaliwe. Miezi minane! Mtoto ameshaota jino (moja tu, ndiyo maana tunamwita Jino) na bibi yake analijua kwa kusimuliwa kwenye simu. Jumapili hii ndiyo pekee ambayo Baba Jino hana mayai ya kupeleka madukani. Mama ameshafua shuka za wageni. Nimempigia, nikamwambia asiwe na wasiwasi, gari lina waranti. Akasema alhamdulillahi, hata kama hajui ni kitu gani.

Risiti nimeipata pale nilipoificha, chini ya godoro la Jino. Imekunjamana, na pembeni imetafunwa kidogo. Si kitu. Kesho nitaipiga pasi.

Jumanne, 14 Mei

Mambo mawili sikuyajua kuhusu risiti za dukani. La kwanza, ukizipiga pasi zinageuka nyeusi. La pili, zinageuka nyeusi ZOTE. Ilianza katikati, nikadhani ni kivuli changu. Nikaongeza moto ili kiondoke.

Hata hivyo nimekwenda nayo dukani. Nilikuwa na mpango. Jino hulia kila siku kuanzia saa nane hadi saa tisa, bila sababu, kama king'ora cha kiwanda. Kwa hiyo nikafika kaunta saa nane na dakika tano. Duka gani litamsumbua mama mwenye mtoto anayelia? Watanipa altaneta mbili ili niondoke.

Jino alimwona muuzaji akacheka. Akaona miwani yake akacheka zaidi. Akanyoosha mikono abebwe. Saa nzima alikaa juu ya kaunta anapiga maboksi ya plagi kama ngoma, na wateja wote wanamsifu mtoto mtulivu. Mtulivu! Tulipofika nyumbani saa tisa na nusu ndipo akaanza kulia, na akalia hadi chakula cha jioni.

Yule muuzaji, Miwani, aliinua risiti kwenye mwanga wa dirisha akaitazama mbele na nyuma. Akaniuliza kwa upole, "Dada, hii mmeinusuru kwenye moto?" Nikasema ndiyo. Si uongo sana.

Akasema hata hivyo nakala ipo kwenye daftari lao, ila niijue tarehe ya kununua, maana daftari ni nene na yeye ni mmoja. Pia nilete kadi ya waranti iliyojazwa na fundi aliyeifunga, pamoja na altaneta yenyewe. Na yote kabla miezi sita haijaisha.

Tarehe! Nani anakumbuka tarehe? Wakati ule Jino alikuwa na miezi miwili. Hata siku za juma nilikuwa nakisia.

Leo Baba Jino amepeleka mayai kwa baiskeli. Yamevunjika kumi na moja. Tumekula mayai.

Jumatano, 15 Mei

Kadi ya waranti ipo! Ilikuwa chini ya mkebe wa sukari, inauzuia usicheze. Nimeisoma huku Jino ananyonya. Maandishi ni madogo kama chungu wamepanga foleni, lakini nimeyaelewa vizuri sana. Waranti ni ya kifaa, si ya kazi ya fundi. Kifaa kipya utakachopewa hakianzi miezi sita upya, kinamalizia siku zilizobaki za kile cha kwanza. (Huu ni ubahili, lakini nimewasamehe.) Kiwe kimefungwa na fundi anayejulikana. Kisiwe kimefunguliwa. Kirudishwe kikiwa katika hali nzuri.

Nilipofika kipengele cha saba, Jino alikuwa ameshakifikia kabla yangu. Nikamtoa mdomoni kipande cha kadi, kimekuwa uji. Hakisomeki tena. Nadhani hakikuwa cha maana, cha maana huwekwa juu.

Nikaenda kwa fundi aijaze kadi na aitoe altaneta garini. Jina lake la mtaani ni Kesho. Nikamweleza. Akasema kesho. Nikasema ni saini moja tu na nati chache. Akasema basi kesho asubuhi.

Karakana yake ina kiti kimoja. Nikakikalia. Nikamtoa Jino mgongoni, nikatandika khanga, nikafungua kopo la uji. Kesho akazunguka mara mbili akitafuta pa kukaa. Akakaa juu ya tairi. Tairi likawa la moto. Ilipofika saa nane, mwanangu, Mungu amweke, akaanza. King'ora! Saa nane na dakika kumi saini ilikuwa kwenye kadi, muhuri juu yake, na altaneta mikononi mwangu. Kesho mwenyewe alinifungulia geti.

Nilipokuwa natoka akanipigia kelele kwamba niipeleke hivyohivyo ilivyo. Nikamwambia nimesikia.

Mayai yaliyovunjika: tisa. Baba Jino anaanza kuizoea baiskeli.

Alhamisi, 16 Mei

Tarehe. Nimetafuta kila mahali. Nimetafuta hadi kwenye kadi ya kliniki ya Jino, labda siku ile alipimwa uzito. Hakupimwa.

Nikamuuliza Baba Jino. Akasema ilikuwa siku ya jua.

Basi ikabidi niende kwa wifi. Nilipita mara tatu mbele ya mlango wake nikijifanya namtembeza mtoto. Mara ya nne akaniita mwenyewe, akasema, "Wifi, utachimba mtaro. Sema shida yako."

Nikauliza kwa mbali, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, kama anakumbuka tulinunua lini ile altaneta. Hakufikiri hata kidogo. Tarehe 17 Novemba! Ndiyo siku aliyohamia hapa. Kaka yake alitakiwa kumbebea kabati, akachelewa kwa sababu alikuwa dukani ananunua altaneta ya kifahari, wifi akalibeba na jirani, mguu wa kabati ukavunjika. Akanionyesha mkataba wa nyumba, tarehe hiyohiyo. Akanionyesha na mguu wa kabati.

Nikahesabu kwa vidole. Novemba, Mei. Miezi sita inaisha KESHO! Nikambusu wifi shavuni kabla sijakumbuka kwamba hatuelewani.

Nimerudi nyumbani nikaitazama altaneta. Aibu gani hii? Grisi, vumbi, matope, na jani. Mimi siwezi kwenda na kitu mbele za watu kikiwa hivi. Jino simpeleki kliniki kabla sijamwogesha, manesi wanakusema ukimpeleka mtoto mchafu, na wana haki. Na kadi imesema hali nzuri.

Nikaiogesha. Beseni la Jino, maji ya uvuguvugu, sabuni yake ile isiyouma macho. Ina vitundu vingi, nikapitisha maji kila kitundu hadi yakatoka safi. Nikaifuta kwa taulo, nikaianika juani. Jino alikaa kando anaipigia makofi. Wifi akachungulia juu ya ukuta, akatazama, akafungua mdomo, akaufunga. Amekosa la kusema!

Inang'aa kama sufuria ya bi harusi.

Mayai: sita.

Ijumaa, 17 Mei

Sitaki kuandika.

Naandika.

Nilikuwa wa kwanza dukani. Tarehe nikaitaja, Miwani akafungua daftari, nakala ikapatikana mara moja. Kadi akaipokea, saini ipo, muhuri upo. Akasema dada, umejitahidi, wengi huishia kwenye risiti. Nikavimba.

Kisha nikafunua taulo. Miwani akasema hajawahi kuona altaneta safi namna ile. Akaiinua kuipeleka kwenye mashine ya kupimia. Ikalia chubwi. Akaiinamisha. Maji yakamwagika kwenye kaunta, juu ya daftari, na povu kidogo. Duka zima likanukia mtoto.

Miwani alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akatoa kadi mpya kabisa kwenye droo na kunisomea kipengele cha saba. Waranti haihusu kifaa kilichoingiwa na maji.

Nikasema cha kwetu kililiwa.

Akasema anaona huruma. Akasema mbele ya wateja wote kwamba ningeileta na uchafu wake, na jani lake, ningetoka na mpya leo hii. Jino akamnyooshea mikono abebwe. Akambeba. Hiyo ndiyo huduma pekee tuliyopata.

Nimelia njia nzima. Si kwa ajili ya altaneta. Mama alipiga simu kuuliza Jino anapenda kulala upande gani wa kitanda. Nikamwambia wa ukutani.

Mayai: hakuna hata moja lililovunjika. Siku moja tu ningependa kula mayai!

Jumamosi, 18 Mei

Nimemwambia Baba Jino yote. Hakugomba. Aliuliza niliiogesha na sabuni ipi. Nikamwambia. Akatoka nje. Nilisikia mabega yake yakigonga mlango. Anacheka! Mke wake amevunjika moyo, yeye anacheka.

Saa tatu wifi akaingia bila hodi. Mkononi ile altaneta ya zamani, ina alama ya mlango ubavuni. Nikajiandaa kwa maneno. Hakuwa nayo, au alikuwa nayo akayameza. Alisema tu kwamba bibi yake mtoto hawezi kufua shuka bure. Kisha akasema, "Nyanyuka, wifi. Twende kwa huyo Kesho wako. Leo kiti kakalie wewe, mimi nitamsimamia kichwani."

Alisimama. Kesho akabadilisha kaboni mbili, vijiti vidogo kama vipande vya penseli, akaifunga, akawasha. Gari likanguruma. Saa moja na nusu, kazi yote! Wifi alinitazama. Nami nikamtazama Jino.

Sharti la wifi ni moja. Jumapili anakuja nasi kwa mama, na anakaa mbele.

Jumapili, 19 Mei

Tumefika! Wifi mbele, mimi nyuma na mtoto na trei ya mayai.

Mama alikuwa ameshaketi mlangoni, mguu juu ya stuli. Alinyoosha mikono tu, na Jino, ambaye hajawahi kumwona, akaenda kama anayerudi. Mama akamchungulia mdomoni kulitazama jino. Jino akamng'ata kidole. Mama akalia na kucheka pamoja, akasema ni jino kweli, hawakunidanganya.

Wifi naye alikuwa anafuta macho. Vumbi, eti.

Jumatatu, 20 Mei

Maisha mapya. Nimejifunza sana kutokana na mambo haya yote, sasa hakuna anayeweza kunichezea.

Pasi yetu tangu ile Jumanne inaacha weusi kwenye kila shati, kwa hiyo asubuhi nimekwenda kununua nyingine. Wifi akashauri nitafute fundi aisugue tu ile ya zamani. Nikamwonea huruma. Nimenunua mpya, ya umeme, ndani ya boksi lake. Waranti MIAKA MIWILI! Kadi nimeisoma kipengele kwa kipengele, Jino nimemweka mbali, hata cha saba nimekisoma. Hakuna neno altaneta popote.

Njiani Jino alishika risiti, imekunjamana kidogo. Hakuna shaka, safari hii nitatumia moto mdogo kabisa.

Ila pasi yenyewe ilikuwa na vumbi la dukani, ndani ya vile vitundu. Nimeiogesha kwanza. Sasa iko kwenye kamba, katikati ya nepi, inashika jua vizuri. Ikikauka tu, nainyoosha risiti.