Ombi la Kurudishiwa Kompyuta Nzito

Klaten, Java ya Kati
Wiki mbili kabla ya Ramadhani

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Kompyuta,

Pokea salamu zangu za heshima, wewe na wote unaofanya nao kazi. Mimi ni Kuswandi, mstaafu wa idara ya umwagiliaji, na nimekuwa msomaji wa gazeti lako tangu enzi za wino uliokuwa ukichafua vidole. Sijawahi kukuandikia kulalamika, hata mlipoondoa fumbo la maneno la Jumapili, jambo ambalo mke wangu hajawasamehe mpaka leo. Naandika kwa mkono kwa sababu mimi na kompyuta yangu kwa sasa hatusemezani.

Mlichapisha makala mkituhimiza tusizitupe kompyuta kuukuu bali tuziboreshe kwa fedha kidogo. Mlisema mtu aongeze kipande cha memori, atoe ile diski ya zamani inayozunguka na kuweka ya kisasa isiyozunguka, apulize vumbi, na mashine itafufuka. Nilifuata kila neno. Ndugu Mhariri, imefufuka, na hilo ndilo lalamiko langu.

Kompyuta hii tulimnunulia binti yetu wa pekee, Kinanti, alipokuwa shule ya ufundi. Inakaa sebuleni chini ya kitambaa alichokifuma mama yake. Kinanti sasa yuko Taiwan, anamtunza bibi mmoja mzee, na kila Jumapili hutupigia simu ya picha kupitia mashine hiyo. Basi ujue kwamba ukiigusa umegusa mlango ambao mtoto wangu huingilia nyumbani. Madhara niliyoyapata ni haya:

1. Ndege wangu. Pensheni yangu ikishalipia mchele, umeme na upatu wa mke wangu, hubaki fedha ya chai, na diski ya kisasa haiuzwi kwa fedha ya chai. Nikamuuza hua wangu pamoja na tundu lake kwa jirani yangu, Pak Tukiran. Ndege huyo kwangu alikuwa bubu. Nilimpa mtama mzuri, nilimwanika jua la asubuhi, nilimpigia mluzi mpaka midomo ikakauka, wala hakunijibu. Sasa yuko upande wa pili wa ua na anaimba kuanzia alfajiri. Nilipouliza, Pak Tukiran alinijibu kwa upole unaoudhi: "Labda hakuyapenda maji ya kwako, Pak."

Memori sikuinunua. Kinanti aliituma kwenye kifurushi, imefungwa ndani ya soksi mpya, pamoja na mchoro wa kalamu unaoonyesha kila kitu kinachomekwa wapi. Mchoro ulikuwa umenyooka ajabu. Nilishangaa kidogo, maana Kinanti hajui kuchora hata yai, lakini nikasema ugenini mtu hujifunza mengi.

2. Uji. Kama unavyojua, mtoto akiuguaugua kwetu husemwa kwamba jina limemwelemea, hivyo hubadilishwa jina na kupikiwa uji wa mchele, mwekundu na mweupe. Kompyuta yangu niliipa jina la heshima kama kisu cha urithi: Kyai Wicaksana, yaani Mtukufu Mwenye Hekima. Mke wangu, Bu Warsini, alikuwa akisema siku nyingi kwamba jina hilo ni zito mno kwa kitu chenye feni moja. Siku nilipoifungua kwa bisibisi ya cherehani, yeye alikuwa jikoni anakoroga. Kufika skrubu ya mwisho, kina mama wa upatu walikuwa wamejaa sebuleni na bakuli mikononi, na mashine ilikwisha kuitwa Slamet, yaani Salama. Nikabonyeza kitufe. Ikawaka kabla sijakalia kiti.

Sasa kijiji kizima kinaamini ni uji. Mke wangu ameletewa jiko la umeme la kupikia wali, simu ya mjukuu wa mtu, na pampu ya maji ya Pak Tukiran, vyote vibadilishwe majina. La ajabu ni kwamba pampu imepona. Mimi niliyeisoma makala yenu mpaka karatasi ikatoboka, leo natambulishwa kwa wageni kama mume wa Bu Warsini. Naomba mchapishe masahihisho kwamba uji haukuwamo katika maelekezo.

3. Mazungumzo ya ndoa. Zamani nilikuwa nikibonyeza kitufe, nafagia uwanja, mke wangu anachemsha chai na kukaanga tempe ya soya, kisha tunaketi mbele ya kioo cheusi kungoja. Katika kungoja huko ndiko tulikoamua kuhusu paa, tulikopatana baada ya kugombana, tulikokubaliana kumruhusu Kinanti aende ng'ambo. Kompyuta ile ilikuwa baraza letu. Sasa inawaka chai haijachemka, na mke wangu anazama moja kwa moja kwenye mitindo ya kufuma. Haraka haraka haina baraka. Aliyesema hivyo bila shaka naye aliwahi kuongeza memori.

4. Amani ya familia. Hapa, Ndugu Mhariri, nakuomba uvue miwani uifute, kisha usome vizuri.

Katika siku za uzito, uso wa Kinanti ulikuja vipande vipande, kisha ukaganda. Kuganda kule kulikuwa rehema. Akiniuliza kama nimeacha sigara za karafuu, picha inaganda, nami nimesalimika. Mama yake akimuuliza ataolewa lini, picha inaganda upande wake, naye amesalimika. Tulipendana kwa miaka kadhaa bila mtu kujibu swali lolote gumu.

Jumapili ya kwanza baada ya matengenezo yenu, aliiona sigara nyuma ya sikio langu. Akaiona ndoo chini ya paa linalovuja. Akaniona na mimi. "Baba, mbona umekonda hivyo? Dawa za presha unameza, au unampa hua?" Ikabidi nimwambie na hua hayupo.

5. Tofu. Jumapili iliyofuata, picha ikiwa safi kama dirisha lililopanguswa, mke wangu aliona nyuma ya Kinanti kijana aliyevaa aproni akikaanga tofu. Aliigeuza kwa mkono mmoja bila kuitazama, kama mtu aliyelizoea jiko hilo. Mke wangu akauliza huyo ni nani.

Mashine ya zamani ingeganda pale pale. Hii haikuganda. Tuliganda sisi.

Kinanti akainamisha kichwa, akasema: "Ni Mas Danang, Mama, wa Ponorogo. Nilikuwa nangoja wakati mzuri."

Nikafanya lililokuwa ndani ya uwezo wangu kama baba. Nikachomoa waya ukutani.

Tangu hapo waya uko mfukoni mwangu. Jumapili iliyopita haikupigwa simu. Mke wangu anapika bila pilipili na kuzungumza na paka. Nami nakiri kwako, kwa kuwa hunijui, kwamba ninaogopa. Kinanti aliahidi kurudi mkataba wake utakapokwisha mwaka huu. Binti akipata wa kumkaangia tofu huko huko, ana haja gani ya kurudi kwa baba mwenye paa linalovuja? Ponorogo kwenyewe si mbali, lakini mtu wa Ponorogo aliyeko Taiwan yuko mbali sana.

Kwa hiyo, kwa kuwa chanzo cha yote ni makala yenu, naomba kwa unyenyekevu:

a) Mchapishe, kwa lugha nyepesi kama ile ya kwanza, maelekezo ya kuirudishia kompyuta uzito wake kwa bajeti ndogo.

b) Kila makala ya namna hii ibebe onyo kwa kina baba wenye mabinti.

c) Ikiwezekana, gazeti lizungumze na Pak Tukiran juu ya hua.

Sina kinyongo. Nisalimie wachapaji wako, na yule anayechora hali ya hewa, na mtunga fumbo la maneno popote alipo. Mke wangu angekusalimia kama angekuwa anasema nami.

Wako katika kuonewa,
Kuswandi

Tanbihi: Ningeichana barua hii, lakini nimeshaibandika stempu, na stempu ni pesa.

Nilipokuwa nikitafuta gundi ya bahasha, mke wangu aliniingiza mkono mfukoni, akautoa waya, akauchomeka. Nilipogeuka, kwenye skrini alikuwa yule kijana. Hakuvaa aproni. Alivaa shati la batiki lililofungwa vifungo mpaka shingoni, ameketi wima kama anayengoja hukumu. Kinanti alisimama nyuma yake, ameegemea ukuta. Nikataka kuondoka, lakini kijana akasema:

"Samahani, Pak. Ile memori niliinunua mimi, na mchoro niliuchora mimi. Mkataba haujaniruhusu kuja. Na mtu haposi binti wa watu kwa uso uliokatika vipande vipande. Nilitaka unione vizuri kwanza. Ukikataa, ukatae ukiwa umeniona."

Nikavaa miwani nimtafute kasoro. Nilimtazama muda mrefu, na picha haikunisaidia hata kidogo, haikuganda wala kutetereka. Niliona kovu la mafuta ya moto kwenye kidole chake. Nilimwona binti yangu akilia, machozi yakishuka moja kwa moja bila kukatika, na sikumbuki mara ya mwisho nilipouona uso wake mzima hivyo. Wote wawili wanarudi kwa Idul Fitri, na Danang anasema wataishi Klaten, kwa kuwa Kinanti amekwisha kumwambia hawezi kukaa mbali na baba anayesahau dawa. Nikamwambia kwamba mchoro wake ulikuwa sahihi.

Basi futa ombi la kwanza na la pili. La tatu limejimaliza, kwani Pak Tukiran ameahidi kutuazima hua siku ya posa. Masahihisho kuhusu uji nayo yaache, maana sufuria iko motoni tena na sitaki ugomvi.

Badala yake nina swali la haraka. Wiki ijayo wazazi wa kijana watakuja kutoka Ponorogo na mikungu yao ya ndizi, naye mwenyewe atahudhuria kwenye skrini. Kina mama wote wa upatu watakuwepo, na wa nyuma lazima wamwone na kumsikia. Tafadhali nishauri ni spika gani na kamera gani zitafaa kwa kompyuta ya umri wa Slamet. Fedha ni kidogo kama kawaida, lakini baiskeli bado ninayo.