Dawa ya Mama Mkwe Kwenye Friji la Jirani

Jumatatu, 3 Machi

Mheshimiwa hajala tangu juzi. Nimemning'inizia mnyoo mnono mbele ya pua, niliyemchimba mwenyewe nyuma ya saluni. Kamgeuzia mgongo.

Niandike kwa faida ya vizazi vijavyo: Mheshimiwa ni aksolotli. Mnyama wa majini, mweupe kama sabuni, urefu wa kitana. Ana miguu minne midogo, na pande mbili za kichwa ana matamvua mekundu yaliyosimama ovyo, kama mtu aliyekosa kinyozi. Anaishi kwenye tangi la kioo dirishani mwa saluni yangu. Mbele nanyoa mimi. Nyuma ya pazia mke wangu anashona nguo.

Niliachiwa na mwalimu wa sayansi, mteja wangu aliyehamishwa kikazi. Aliniachia pia karatasi ya maelekezo. Imenifaa sana. Nimeikunja mara nne na kuiweka chini ya mguu wa kiti cha wateja, na kiti hakiyumbi tena.

Mtaa mzima huja kumtazama Mheshimiwa. Hilo linamuuma Kisasa, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, niliyempa jina hilo kwa sababu ya bango lake. Mwezi uliopita alileta friji la soda lenye mlango wa kioo na taa ndani. Taa! Sikukaa kimya. Wiki iliyopita nikamwaga vijiwe arobaini vya rangi ndani ya tangi. Mke wangu alisema mnyama hana haja ya mapambo. Nilimwambia ashone.

Leo wateja wameuliza mbona Mheshimiwa kapooza. Nimesema anapunguza uzito.

Jumanne, 4 Machi

Anaelea! Ubavu mmoja juu, kama kandambili iliyoangukia mtoni. Na mgonjwa huyu ana tatizo la uso. Mdomo wake umeumbwa na tabasamu; atatabasamu hata siku ya kuzikwa. Huwezi kujua anaumwa kiasi gani.

Nimemkimbiza kwa daktari wa mifugo ndani ya ndoo. Daktari alikuwa na mbuzi. Akamwacha mbuzi. Alimgusa Mheshimiwa tumbo kwa kidole kimoja, akauliza nimeweka nini kwenye tangi. Nikasema mapambo tu. Akauliza ya ukubwa gani. Nikamwonyesha ncha ya kidole changu. Akanitazama mimi, si mgonjwa.

Kameza kijiwe. Wanyama hawa humeza chochote kinachopita mbele ya mdomo. Kumpasua ni hatari, alivyo mdogo. Dawa ni baridi: bakuli la maji yaliyolazwa siku nzima, ndani ya friji, gizani, bila chakula. Maji yabadilishwe kila siku mpaka kijiwe kitoke chenyewe. Kisipotoka ndani ya wiki, nisimtarajie tena.

Nimetoa vijiwe vyote na kuvihesabu. Thelathini na tisa. Hakipo kile cha kijani, nilichokipenda kuliko vyote.

Sisi hatuna friji. Nimebuni langu: ndoo, taulo bichi, na feni. Feni ikazoa nywele zote za sakafuni na kumwagia mteja niliyekwisha kumpaka povu la ndevu. Aliingia na ndevu, akatoka na manyoya.

Naogopa. Mke wangu asijue nimeandika hivyo.

Jumatano, 5 Machi

Friji la karibu ni moja tu. La Kisasa.

Hatusemeshani huu mwaka wa pili. Chanzo ni mashine ya kunyolea iliyoazimwa na kurudishwa imevunjika meno. Nani aliazima na nani alikuwa mwenye mashine ni mambo madogo. (Niliazima mimi.)

Kumwomba? Heri nife. Lakini atakayekufa si mimi. Basi nikatumia akili.

Nikamtia Mheshimiwa kwenye bakuli la plastiki lenye mfuniko, nikalizungushia kitambaa cheusi cha mke wangu, nikavuka barabara na uso wa huzuni. Nikamwambia Kisasa kwamba mama mkwe wangu yu mahututi. Hii ni dawa yake. Inataka baridi na giza, na asiifungue mtu. Aliuliza matundu ya kwenye mfuniko ni ya nini. Nikasema dawa inapumua.

Kisasa akavua kofia. Akauliza mama anaumwa wapi. Nikasema kila mahali. Akahamisha soda za rafu ya chini, akaliweka bakuli kwa mikono miwili kama mtu anayelaza mtoto. Nikamwambia nitakuja kila siku kubadilisha maji ya dawa; akasema hata usiku nigonge tu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na upana wa barabara tu, na imenifikisha.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa.

Kumbe Kisasa ana moyo. Jana hiyo hiyo aliwaambia wateja wake wote wamwombee mama mkwe wangu. Asubuhi sijafungua vizuri, fundi viatu kaja kutoa pole. Nyuma yake muuza mboga na kilo ya sukari. Nyuma yake watu wawili nisiowajua kabisa, wanasikitika kuliko mimi. Nikawapokea nje, nikawaomba waseme kwa sauti ya chini.

Muuza mboga hajui sauti ya chini. Mke wangu akatoka nyuma ya pazia na pini mdomoni, akaambiwa ajikaze, mama ndiyo hivyo tena. Mama yake, aliyemwona juzi akipasua kuni! Alitema pini zote. Akatoka mbio, mguu mmoja kandambili yake, mguu mwingine yangu.

Mama mkwe anakaa mitaa miwili nyuma yetu. Naye alikuwa kapata habari kwamba anakufa, akaamua kuja kuuliza anakufa na nini. Walipishana njia. Alipofika barabarani jua lilikuwa kali, akaingia kupumzika penye kivuli cha karibu. Kwa Kisasa.

Niliona yote kupitia dirisha langu, wembe mkononi, kichwa cha mteja kikiwa nusu. Kisasa kamtambua, kamkalisha kwenye kiti chake bora. Kamfunika magoti. Kisha akafungua friji na kumletea dawa yake, kwa mikono miwili.

Nilikimbia. Nilichelewa. Mfuniko ulikuwa umekwisha kufunguliwa, na Mheshimiwa alikuwa anamtabasamia.

Kisasa alipiga ukelele ambao sikuutegemea kwa mtu wa umri wake, akaruka juu ya benchi. Mama mkwe hakutikisika. Alitazama bakulini, akanitazama mimi mlangoni, akatazama tena bakulini.

"Mwanangu," akasema, "dawa hii naimeza mimi, au ndiyo inayonimeza?"

Nikapiga magoti. Mbele ya wateja wa Kisasa! Nikasema yote: vijiwe, friji, uongo, hata mashine. Nilipofika kwenye kijiwe cha kijani nikalia. Nililia kweli. Nampenda mnyama yule, na sikuwa na hila nyingine iliyobaki.

Kisasa akashuka kwenye benchi taratibu. Akalifunika bakuli, akalirudisha rafu ya chini, akafunga mlango wa friji.

"Mashine nilishakusamehe siku ile ile," akasema. "Nilikuwa nangoja uvuke barabara."

Mama mkwe alicheka mpaka akaomba soda. Mke wangu alirejea na kandambili zake za rangi mbili, akamkuta mama yake anapiga mluzi. Yeye bado hajacheka.

Ijumaa, 7 Machi

Hakijatoka. Maji nimebadilisha, Kisasa kanishikia bakuli. Alifumba macho lakini alishika.

Mke wangu amenisemesha. Nitampasulia mama kuni mwezi mzima. Nimekubali. Kuhusu sukari ya pole, nilishauri irudishwe kwa wenyewe. Mama mkwe amekataa katakata. Anasema kwa umri wake pole hairudishwi, inawekwa akiba.

Jambo moja linanikera. Watu wanakwenda kwa Kisasa kumwona mgonjwa wangu, na wakiwa pale wananyolewa. Nimehesabu vichwa saba. Nimesema asante tu, maana ndivyo inavyopasa. Lakini saba!

Jumapili, 9 Machi

KIMETOKA!

Nilikuwa nampa mkono wa faraja mteja wa Alhamisi, aliyerudi kudai nusu ya pili ya kichwa. Nikasikia Kisasa anaita jina langu toka ng'ambo, jina langu halisi, ambalo hajalitamka miaka miwili. Nilivuka bila kutazama kulia wala kushoto.

Pale ndani ya bakuli, chini kabisa, kijani, kinang'aa, kizima. Na Mheshimiwa kasimama kwa miguu yake yote minne, haelei, anatembea pembezoni mwa bakuli kama mkaguzi. Nilimkumbatia Kisasa. Kisasa akanikumbatia, akaniachia nywele za wateja watatu kwenye shati. Fundi viatu akacheza. Mama mkwe akacheza kumshinda, akatangaza kwamba yeye pia amepona. Hapo ndipo mke wangu alipocheka, akacheka hadi akaketi chini, nami nikajua nimesamehewa.

Furaha yangu leo haina pa kukaa.

Jumatano, 12 Machi

Mheshimiwa yuko nyumbani, dirishani kwake. Jana alimeza mnyoo mzima.

Tulipokuwa tunasogeza kiti ili kupitisha tangi, mke wangu aliiokota ile karatasi ya mwalimu, akaikunjua, akasoma mstari wa kwanza kwa sauti: kamwe usiweke vijiwe ndani ya tangi. Kulikuwa na wateja wanne. Wote waligeuka. Nikaweka mkono kifuani na kuapa mbele yao: vijiwe, kamwe sitaweka tena. Mimi ni mtu wa kujifunza.

Kiti kilianza kuyumba, nikairudisha karatasi mahali pake.

Ila tangi liko uchi. Halina mvuto. Na Kisasa, rafiki yangu mpenzi, leo asubuhi amelizungushia friji lake taa za kuwakawaka. Sina kinyongo. Nimesubiri tu mke wangu atoke kwenda kupima mteja, nikafungua kopo lake la vifungo. Vya dhahabu, vidogo, vya duara. Vijiwe si vifungo, na mstari wa kwanza haukutaja vifungo popote.

Nimeweka kumi na viwili. Vinapendeza ajabu! Watu wamejaa dirishani mpaka jua limepinda.

Kabla ya kufunga nimevihesabu mara mbili. Kumi na kimoja. Hesabu haikuwa somo langu tangu shuleni. Na Mheshimiwa mwenyewe anatabasamu, kwa hiyo hana neno.