Nyuki Ndani ya Gitaa la Mume Wangu

Jumatatu, 4 Machi
Mwezi wa pili wa ndoa. Nikisikia ufunguo wake mlangoni moyo bado unaruka, kama mwanafunzi aliyesikia kengele ya kurudi nyumbani. Ila leo kaja mnyonge. Gitaa lake la umeme limeingiwa na nyuki. Akibonyeza ule uzi mwembamba, sauti inatoka, halafu nyuma yake: zzzz. Mazoezini wifi yangu, dada yake mkubwa, mwimbaji wa bendi na hakimu wa kila kitu, amemwambia mbele ya wote kwamba mkono wake umeharibika tangu aoe. Jumamosi wanapiga kwenye harusi. Nyuki akisikika tena, kile kipande anachopiga peke yake atapewa mpiga kinanda.
Tangu aoe! Yaani nuksi ni mimi. Nimemwambia mume wangu ale, apumzike. Sikumwambia kwamba gitaa nitalitengeneza mwenyewe.

Jumanne, 5 Machi
Kaenda kazini. Nimelilaza gitaa kitandani, upande wake yeye. Kitu kizuri ajabu. Shingoni kuna vyuma vyembamba vilivyolala mkingamo, yeye anaviita freti. Uzi ukiwa chini mno unagonga freti ya mbele, na huyo ndiye nyuki. Fizikia ya kidato cha tatu imenirudia yote. Kumbe haikupotea, ilikuwa inasubiri nipate mume. Nilitafuta kitu chembamba cha kupimia nafasi chini ya nyuzi. Nimetumia kadi ya mwaliko wa harusi yetu. Ilivyopita, na majina yetu yanameremeta! Nikabonyeza freti moja baada ya nyingine. Nyuki hayupo. Hata wa dawa. Nikaziinua nyuzi hivyo hivyo, kwa zile skrubu ndogo za kwenye daraja, pale nyuzi zinapofungwa tumboni mwa gitaa. Kinga ni bora kuliko tiba.
Jioni kapiga yeye. Zzzz. Na vidole vinamuuma, anasema nyuzi zimekwenda juu kama kamba za kuanikia nguo. Nimesema huenda ni hali ya hewa. Kaamini. Ndiyo maana nampenda.

Jumatano, 6 Machi
Nimeshusha nyuzi, nikalibeba gitaa ndani ya shuka hadi kwa fundi redio wa ghorofa ya chini. Kalichomeka, kapiga. Sauti safi kama maji ya kisima. Akaniuliza, sasa dada, mgonjwa ni nani? Kumbe ndani ya shingo mmefichwa fimbo ya chuma inayoizuia isipinde! Inazungushwa kwa kifunguo chenye pembe sita, robo mzunguko tu, si kama bomba la maji. Ila hili lisiguswe, kasema, halina shida. Nikaomba kuazima kifunguo, kwa kukitazama tu. Kasema kifunguo hakitazamwi. Kanipa, lakini.
Robo mzunguko. Raha yake siwezi kuieleza.
Jioni: zzzz.

Alhamisi, 7 Machi
Ushindi! Na ulivyokuja ni kama hadithi. Nimezungusha robo nyingine asubuhi. Jioni nikamwomba mpenzi wangu anipe pete yake niing'arishe kwa ajili ya Jumamosi. Ameapa haivui hata akioga, ikabidi nibembeleze. Pete hiyo nilimnunulia mimi. Nilimpima kidole kwa uzi mkuukuu wa gitaa siku moja kasinzia kwenye kochi, nikaongeza nafasi kidogo, maana mapenzi hukua. Basi mimi nasugua pete kwa dawa ya meno, yeye anapiga. Nyuki kimya! Kapiga kipande kizima kwa macho yaliyofumbwa. Nikajua ni ile robo ya pili. Nimemvisha pete upya, kama kanisani, tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Ijumaa, 8 Machi
Mazoezini nyuki karudi. Wifi kauliza mbele ya bendi kama bibi harusi wake anamlisha asali siku hizi. Mpiga kinanda kapewa kipande akijaribu. Mume wangu kaja, hakula. Kasema labda dada yake anasema kweli, labda mkono umeisha. Nikalia kidogo jikoni. Kisha nikazungusha robo ya tatu.

Jumamosi, 9 Machi
Ukumbini, kabla wageni hawajaingia. Kapiga, zzzz. Mpiga kinanda akakohoa kwa furaha. Wifi akaushika mkono wa ndugu yake, akautazama kama daktari, akasema: hebu vua hilo bangili lako. Pete! Inacheza kidoleni, inagusa uzi mwembamba kila anapobonyeza. Mume wangu kanitazama mimi kwanza, kama anayeomba ruhusa ya kwenda vitani. Nikaitikia kwa kichwa. Kaivua. Kapiga. Safi kabisa. Usiku huo bibi harusi mwenyewe aliacha keki akaja mbele kumtazama.
Wifi kanikumbatia, akaninong'oneza: si nilisema tangu aoe? Kisha akasema nimuache apige bila pete, nimvishe akimaliza, hakuna zaidi. Nikasema sawa, wifi.

Jumapili, 10 Machi
Kidole kitupu mbele ya ukumbi mzima! Sikulala. Kwa kuwa kosa ni nafasi niliyoongeza, nimeiminya pete kwa koleo. Imekuwa na umbo la yai, lakini imeingia. Sasa haitoki. Tumejaribu sabuni, tumejaribu mafuta, wifi kaja na barafu na kicheko. Mimi naona ni dalili njema.
Mume wangu kajaribu gitaa. Zzzz, kubwa kuliko zamani. Wifi anasema ni ile ncha ya yai. Mimi najiuliza kuhusu shingo. Fundi redio hajadai kifunguo chake, na mume wangu na dada yake wako sebuleni wanabishana.
Robo tu.