Kamati ya Nyasi Haijavunjwa

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mheshimiwa Mlezi wa Klabu, Mheshimiwa Mwenyekiti, Makamu wake, Mweka Hazina, ambaye kwa bahati mbaya ni shemeji yangu, wazee waasisi mliosalia, nahodha na wachezaji, wanachama wenye kadi hai, na wale ambao kadi zao ni mahututi, mabibi na mabwana.

Naandika nikiwa nimesimama. Shajara ni ya faragha, lakini hotuba ya tarehe 16 lazima ifanyiwe mazoezi, na kinywa kisichozoea itifaki hujikwaa mbele za watu.

Habari ni nzito. Leo nje ya mlango wa ofisi ya klabu kimetandikwa kipande cha nyasi bandia, ukubwa wa kitanda cha watu wawili. Sampuli, wanasema. Kijani kupita kiasi. Hakina mdudu, hakina harufu, hakina haya. Mwenyekiti ametangaza kwamba Jumapili ya tarehe 16 mkutano mkuu utaamua: tung'oe nyasi za uwanja wetu na kutandika hizo, au tubaki na zetu.

Zikipita za bandia, Kamati ya Nyasi inavunjwa. Mimi ndiye mwenyekiti wa Kamati hiyo. Ndimi pia katibu wake, na wajumbe wake. Uwanja ule aliupanda marehemu baba, shina kwa shina, akiwa amepiga magoti. Akanirithisha kiti cha Kamati, ufunguo wa geti, na mashine ya kukatia nyasi inayokohoa kuliko yeye alivyokohoa. Sina cheo kingine duniani. Nyumbani cheo anacho mke wangu.

Shemeji alipita akanikuta nimekitazama kile kipande. Akaniuliza, shem, na hizi utazikata kila Ijumaa? Watu wakacheka. Nikamwambia jibu lake atalipata tarehe 16.

Mke wangu amesikiliza utangulizi wangu kupitia mlango wa jikoni. Anasema wenzangu siku hizi hutamka "itifaki imezingatiwa," kisha wanaingia kwenye hoja. Nimemfafanulia kwamba itifaki haizingatiwi kwa kusemwa kwamba imezingatiwa. Akauliza kama nimefunga banda la kuku.

Sikuwa nimelifunga.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mpango wa kwanza. Wa kisayansi.

Nyasi bandia hushika joto. Hilo halina ubishi. Niliwaalika wazee waasisi saa saba mchana, jua likiwa utosini, wavue viatu wakikanyage kile kipande. Nilitarajia waruke. Nilitarajia walalamike, na malalamiko ya mzee husafiri mbali kuliko gazeti.

Akatangulia Kisigino, winga wetu wa enzi zile, ambaye sasa hatembei bila mkongojo. Akasimama. Akafumba macho. Nikajisemea, sasa!

Akasema tangu astaafu miguu yake haijawahi kupata joto la namna hii. Baridi yabisi ilikuwa inamwachia, akaisikia ikishuka kutoka magotini. Akaomba kiti.

Kufikia alasiri wazee walikuwa wamepanga foleni, viatu mkononi. Shemeji akawagawia maji ya kunywa na kuwatangazia kwamba tiba hii ni hisani ya Kamati ya Nyasi.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Mpango wa pili umenijia nikinawa uso, na ukuu wake umenitisha. Nitapanda nyasi halisi ndani ya nyasi bandia. Kile kipande kimejazwa mchanga na punje za mpira. Mbegu itajificha humo kama senti kwenye kapeti. Nikimwagilia kila alfajiri, kufikia siku ya mkutano chipukizi zitakuwa zimetoboa. Nami nitasimama na kusema sentensi moja tu: "Waheshimiwa, hata plastiki imesalimu amri kwa uhai." Mkutano utalia. Baadhi yao kwa sauti.

Muuza pembejeo aliuliza mbegu ni za shamba gani. Nikamjibu ni siri ya Kamati. Akaniuliza Kamati ina watu wangapi. Niliondoka.

Nimezipanda. Hakuna aliyeniona isipokuwa mlinzi, ambaye amenisalimia kwa heshima na kuuliza kama naswali.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Siku ya msiba.

Kwa uadilifu wote nakiri kwamba mbele ya goli la kaskazini uwanja wetu una kipara. Jana, ili kwenye mechi ya leo wanachama wauone ukiwa katika ubora wake, nilikiziba kwa mabonge ya nyasi yenye udongo wake, niliyoyachimba nyuma ya nyumba yangu, chini ya kamba ya nguo. Nikayapanga. Nikayakanyaga kidogo. Palipendeza mno, nikamwonyesha Mwenyekiti. Hata yeye alikiri kwamba pamependeza.

Dakika za mwisho, hakuna aliyefunga, mshambuliaji wa wageni akapiga shuti kali. Mguu wake ukachukua mpira na bonge kwa pamoja. Bonge likaruka juu. Mpira ukaambaa chini. Kipa wetu, kijana wa uamuzi wa haraka, akajirusha na kulidaka bonge kwa ustadi ambao sijapata kuuona tangu utoto wangu. Akalikumbatia. Mpira ukapita chini ya ubavu wake hadi wavuni.

Refa akaangalia wavuni, akaangalia kifuani pa kipa, akapuliza: goli.

Wageni wakashangilia. Wetu wakamzunguka kipa, naye hakuachia bonge. Nahodha akasema kwa sauti iliyofika jukwaani kwamba kwenye bandia mtu hadaki shamba. Shemeji alikuwa ameinama, mabega yakitetemeka. Nilidhani analia.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mke wangu amefua mashuka. Upepo umeyaangusha, yametua pale nilipochimba. Matope.

Hakupiga kelele. Aliita tu, baba watoto, njoo. Akanionyesha shimo, akanionyesha mashuka, kisha akanionyesha karai. Nimefua hadi adhuhuri. Alisema kama marehemu baba mkwe angejua ninachokifanya kwa jina lake, angerudi kuchukua mashine yake.

Neno hilo limenichoma. Nimeliandika ili nisilisahau, kisha nikaenda kumwagilia kile kipande.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Zimetoka!

Nyembamba kama nywele za mtoto mchanga, zimejipenyeza katikati ya plastiki. Zimesimama. Nilipiga magoti pale mlangoni pa ofisi, nikakumbuka magoti ya baba, yaliyokuwa na sugu za kijani ambazo mama hakuweza kuzitoa kwa sabuni yoyote. Machozi yalinilenga. Mlinzi akaitikia amina.

Shemeji amebandika tangazo: siku ya mkutano kila msemaji atapewa dakika tano, kisha kengele. Mke wangu amerudia ushauri wake kuhusu itifaki. Nimemwambia haraka haraka haina baraka. Akasema dakika tano nazo hazina subira.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Nayaweka haya kwenye kumbukumbu za Kamati.

Ukumbi ulijaa. Kipande kilibebwa na wachezaji wanne, kikalazwa mbele ya meza kuu. Zile nyasi zangu zilikuwa zimekua urefu wa kidole gumba, zikiinama kwa pamoja, na umande wa maji yangu ya alfajiri ulikuwa bado unametameta.

Mheshimiwa Mlezi aliinuka. Akainama, akazipapasa. Akachuma jani moja, akalinusa, akalitafuna kidogo. Akawageukia watu na kusema kwamba hakujua ufundi umefika huku, harufu ileile!

Kisigino alikuwa ameshavua viatu. Akasema leo ni laini kuliko wiki ile, na zina ubaridi, tena magoti yake yanazipenda vilevile. Mama wa hamasa, anayeongoza mashabiki kwa ngoma, akapanda juu na kuchezesha vidole vya miguu. Kama hizi ndizo bandia, akasema, basi na mimi niletewe mume wa bandia. Ukumbi ukavunjika mbavu. Mumewe naye alicheka, ila kwa kuchelewa.

Mwakilishi wa kampuni inayouza nyasi hizo alitazama kipande chake. Akachuchumaa. Akatazama tena, kwa karibu. Rangi ikamtoka usoni, kisha ikarudi, na tabasamu nyuma yake. Akasema hilo ndilo toleo jipya.

Nikasimama. Sentensi yangu ilikuwa tayari ulimini. Yote yalikuwa mikononi mwangu: uwanja wa baba, kiti, ufunguo. Ningetamka tu kwamba wanachokipapasa ni nyasi halisi, nilizozipanda kwa mkono huu.

Nikaanza. Mheshimiwa Mlezi. Mheshimiwa Mwenyekiti. Makamu wake. Kwa wazee waasisi nilimtaja kila mmoja kwa lakabu yake na nafasi aliyocheza, na waliotangulia mbele ya haki tukasimama dakika moja kuwakumbuka. Mke wangu, safu ya tatu, alikuwa akinizungushia kidole: songa, songa. Niliwaona wanachama wakiguswa. Wengine walifumba macho kabisa.

Nilikuwa nimefika kwa wenye kadi mahututi kengele ilipolia.

Nikanyoosha mkono kuomba nyongeza. Mwenyekiti, macho kwenye karatasi zake, akasema: wanaoafiki nyasi bandia wanyooshe mikono.

Ukumbi mzima ukanyoosha. Shemeji akahesabu, akafika kwangu, akasita, akaniangalia kwa mshangao uliokaribia upendo. Akanihesabu. Kwa kauli moja! Mwenyekiti akaishukuru kwa namna ya pekee Kamati ya Nyasi kwa kutanguliza klabu mbele ya maslahi yake. Watu wakasimama, makofi yakarindima.

Niliinama. Anayepigiwa makofi huinama, ndiyo itifaki.

Jumamosi, tarehe 22 Machi

Leo greda limeingia uwanjani. Nilifungua geti mwenyewe, nikakabidhi ufunguo, nikasimama kwenye mstari wa pembeni. Lilianzia goli la kusini. Kazi ya miaka ya magoti ya baba ilikunjwa kama mkeka kabla ya saa ya chai.

Shemeji alikuja kusimama karibu nami. Hakufanya utani wowote, akavua kofia. Kisha akaingia mbele ya greda, dereva akimtukana, akachimbua bonge moja katikati ya uwanja kwa mikono yake, akiwa vilevile na suruali ya ofisini. Akalifunga kwenye gazeti. Akasema, shika shem, hili la mzee. Kapande kwako, dada yangu apate pa kuangushia mashuka.

Tumelipanda chini ya kamba ya nguo, mimi na mke wangu. Yeye ndiye aliyemwagilia. Akasema sasa uwanja wa baba mkwe uko nyumbani, umefika, yametosha, tupumzike.

Nimetafakari maneno hayo kwa uzito wake, na kosa langu nimelijua. Niliharakisha. Katika itifaki nilimruka mke wa Mlezi, na wachezaji wa akiba sikuwagusa kabisa. Ukumbi ulihisi umedharauliwa, ukanilipa.

Na kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ikiwa kipande cha ukubwa wa kitanda kiliota, uwanja mzima utashindwaje? Muuza pembejeo ameniwekea gunia. Ufunguo sina, ila ukuta wa mashariki ni mfupi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mlezi; mke wa Mheshimiwa Mlezi; Mheshimiwa Mwenyekiti; Makamu wake; Mweka Hazina, ambaye ni shemeji yangu; wazee waasisi; nahodha, wachezaji na wachezaji wa akiba; mabibi na mabwana: natangaza uamuzi. Siku ile nyasi bandia zitakapomalizika kutandikwa, wajumbe wote wa Kamati ya Nyasi wakutane alfajiri kwenye ukuta wa mashariki, kila mmoja na ndoo yake.

Wanaoafiki?

Nimenyoosha mkono. Kwa kauli moja.