Dola ya Mwaka Sabini na Tano

Jumamosi, 30 Mei 1998
Kombe la Dunia linakaribia. Nimekubaliana na Yaqoob, kaka yake mke wangu: Ijumaa, mwenye dola kubwa za Marekani, zile za Eisenhower, moja ya kila mwaka kutoka 1971 mpaka 1978, anachukua dishi la televisheni la mwenzake. Si kamari. Ni makubaliano ya kifamilia. Nikishinda ntakuwa na madishi mawili. La pili la nini, sijui. Lakini Yaqoob atakuwa hana!
Ninazo zote ila 1975. Za 1973 ninazo mbili! Yaqoob hana hata moja ya mwaka huo. Ameniomba, nimemnyima. Raha iliyoje!

Jumatatu, 1 Juni
Nimelizunguka soko zima la Matrah. Kila muuza sarafu anasema hajapata kuiona ya 1975. Adimu kweli! Kheiria, mke wangu, akasema labda haipo. Nimecheka sana.

Jumatano, 3 Juni
Nimekwenda mtaa wa Ghala, gereji kwa Justus, fundi wa Kitanzania. Nimempa 1973 moja, ile tatu aigeuze tano. Akaniuliza kama nimefikiri vizuri. Nikamwambia afanye kazi. Drili ikateleza, sarafu ikatoboka! Nikampa ya pili. Hiyo imetoka tano safi, ukiitazama kwa mbali. Yenye tundu nimemwachia atundikie funguo. Mimi si mchoyo. Sasa sina 1973, lakini nani ataiulizia akishaiona 1975?

Ijumaa, 5 Juni
Baada ya biriani nikaiweka 1975 mezani. Yaqoob hakuzimia. Akafungua kitabu cha sarafu, akamsomea Kheiria: dola ya mwaka 1975 haikutolewa kabisa. Zote ni saba tu. Saba! Jumamosi nilikuwa nazo zote!
Nikajikaza. Hata yeye anazo sita tu, kama mimi. Akatoa ya saba. 1973, ina tundu! Jana alipeleka gari kwa Justus, akaiona kwenye funguo, akaomba, akapewa. Nimeumia, wallahi. Kheiria kahukumu: dishi liende kwa kaka yake. Kisha kanikumbusha alichosema Jumatatu.

Jumanne, 9 Juni
Dishi langu liko juu ya paa la Yaqoob, mtaa wa Mawaleh. Kesho mpira unaanza. Amenikaribisha, eti nije na mto wangu. Siendi!
Ila nimegundua kitu. Kama Marekani hawakuitoa, basi 1975 yangu ni ya pekee duniani! Na 1970 nayo haipo, nimehakikisha kitabuni. Ninayo 1978. Ile nane ikikwanguliwa kiunoni tu, sifuri hiyo! Nimeshampigia simu Justus. Ananiambia nifikiri kwanza.
Nimeshafikiri.