Nilivyomuua Muuza Nyama Sura ya Nne

Jumatatu, 3 Machi
Riwaya imekwisha! Mimi, kinyozi niliyeiacha shule mapema ili ipumzike, nimeandika kitabu kizima, hapahapa saluni, kati ya kichwa na kichwa. Mke wangu kauliza nani atakinunua. Nimemhurumia. Wateja wangu wote wamo! Fundi saa yumo. Hata yule mwenye kipara anayekuja kwa ajili ya ndevu tu yumo. Nani ataacha kitabu alichomo mwenyewe?
Alipofika sura ya nne akauliza kama Muuza Nyama anajua. Ajue nini? Riwaya isiyo na maiti ni tangazo tu.

Jumanne, 4 Machi
Muuza Nyama, rafiki yangu tangu meno ya utoto, anatangaza buchani kwake kwamba yumo kitabuni. Kanunua shati jipya la uzinduzi. Aliniuliza mwisho wake ukoje. Nikasema unatoa machozi. Akafurahi mno.
Nimepeleka mswada kwa mpiga chapa. Mtu wa maneno machache, yote ya kukatisha tamaa. Kauliza nani ameupitia. Nikajibu kwa fahari: mimi, mara mbili.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Nilikuwa namnyoa fundi saa huku nikimsomea sura ya nne. Mteja aliyenyolewa nusu hakimbii. Ndiyo hadhira ya kuaminika. Nikafika pale Muuza Nyama anapozama mtoni. Nikatia na mlio wa maji. Nikaona fundi saa anakodolea macho mlango.
Muuza Nyama kasimama pale, na shati lake jipya. Nikangoja sifa.
“Wewe ndiye mtu pekee anayejua naogopa maji,” akasema, akaenda zake.
Fundi saa naye akaondoka. Nimemalizia upande wa pili njiani.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwenda buchani. Kaniambia, “Karibu, mteja.” Mteja! Mimi niliyekulia nusu kwao! Nikamweleza kwamba kufa kitabuni ni cheo, wahusika wadogo ndio wanaoishi. Akamwita aliye nyuma yangu.
Mke wangu anasema nikamwombe radhi, basi. Njia ndefu hiyo. Nitamfufua.
Mpiga chapa kasema sura ya nne imeshachapwa, labda niongeze kitu mwishoni. Ila karatasi yake moja ikikunjwa inatoa kurasa kumi na sita, na hachapi pungufu. Kumfufua mtu kunataka mbili. Hizo nyingine nizijaze nini, matangazo ya ndevu?

Jumapili, 9 Machi
Nimeweza! Muuza Nyama ametoka mtoni mzima. Sura zote hizo alikuwa ameshikilia mzizi. Ukurasa wa tatu anaoa. Wa sita anakamata majambazi. Wa kumi nikaishiwa visa, nikaandika ukweli tu: siku nilipovunjika mguu tukiwa wadogo, alivyonibeba mgongoni hadi zahanati, akinicheka njia nzima ili nisilie. Kurasa zikajaa zenyewe. Karatasi imelowa kidogo. Jasho, bila shaka.

Jumamosi, 15 Machi
Uzinduzi saluni. Viti vyote viwili vimejaa! Kila mtu anatafuta ukurasa aliomo, akiupata anafunga kitabu. Muuza Nyama hayupo. Natabasamu, huku nikichungulia mlangoni.
Kumbe mke wangu alimpelekea nakala asubuhi bila kuniambia. Mara tukasikia sauti ng'ambo ya barabara. Kasimama mlangoni mwa bucha, anawasomea waliopanga foleni kurasa za mwisho. Nyama haiuzwi mpaka afike tamati. Alipomaliza akavuka, akaja kusimama mbele yangu.
“Umeandika nilikuwa nacheka,” akasema. “Nilikuwa nalia, mjinga wewe. Ulikuwa mgongoni, ungeona wapi?”
Nikamkalisha kitini nikamnyoa. Jasho tena, safari hii machoni. Kichwa kimetoka kama kimetafunwa. Kasema kinapendeza.

Jumapili, 16 Machi
Nimeanza riwaya ya pili. Safari hii nimekuwa mwangalifu: hakuna rafiki hata mmoja ndani yake, ni familia tu. Mama mkwe nimemuua ukurasa wa kwanza, ili asipate nafasi ya kulalamika. Leo anakuja kututembelea. Nitamsomea.