Dhambi Niliyoificha Ndani ya Hadithi

Jumatatu, 8 Mei 1911

Nimeonekana! Lomayani amenikuta Ngaramtoni, uani kwa Kasaine, nikinywa pombe ya asali. Mimi, mwalimu wa misheni! Keshokutwa nitasimama mbele ya wazee wa kanisa. Nikipatikana na hatia, darasa langu atapewa Lomayani, asiyeweza hata kupanga watoto mstari mmoja.

Lakini nina mpango. Sitakana, wala sitakiri. Nitasimulia hadithi ndani ya hadithi: kwamba Kasaine alinisimulia habari za mtu mmoja aliyekunywa. Dhambi itakaa kule ndani kabisa. Mimi nitabaki mlangoni, mkavu. Jana sikuwa mkavu. Punda wangu ndiye aliyeijua njia ya kurudi. Ya kwenda pia.

Jumatano, 10 Mei

Nilisimulia vizuri mno. Mzee Sumari alimlilia mlevi yule. Ndipo Mzee Lemburis akauliza, je, Kasaine yuko wapi? Akanikumbusha desturi yetu: aletaye barazani neno la mtu, humleta na mwenye neno. Desturi hiyo naijua tangu utotoni. Niliisahauje?

Ijumaa, 12 Mei

Aibu! Kasaine amekuja, akasimulia mwenyewe. Katika hadithi yake mlevi ni mimi, tena ninaimba. Akaitwa mkewe, Namnyaki, asimulie aliyoyaona kutoka jikoni. Katika hadithi hiyo ya jikoni nilimkumbatia mbuzi nikimwita mama. Sikuwa na habari! Namnyaki akaniuliza mbele ya wote, baba mwalimu, mama hajambo? Sumari alicheka hadi akashika nguzo. Lomayani alicheka kuliko wote. Nimeomba siku mbili nilete neno la mwisho.

Jumapili, 14 Mei

Nimelitambua kosa langu. Si pombe. Ni kuchagua wasimulizi wenye ulimi.

Leo baada ya ibada nimesimulia upya, safari hii kwa macho ya punda wangu: jinsi tulivyofuata magadi Ngaramtoni, tukanunua, tukarudi, bwana wake asiingie ua wowote. Mzee Lemburis amesifu hadithi. Amesema, kwa kuwa mwenye neno ni punda, kesho aletwe, afunguliwe kamba, nao wazee watamfuata nyuma waone atakwenda wapi.

Nimekubali papo hapo. Punda atasema nini?